Nyundo ya kijiji, kibali cha mjini

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia Mei 2024, mkaa umekuwa mtuhumiwa namba moja wa kila upara unaoonekana kwenye misitu yetu. Mkakati unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikwishaamriwa kuachana na kuni na mkaa. Mitungi ya gesi inauzwa kwa ruzuku, mabango yamepandishwa, na kiongozi wa wilaya akikamata pikipiki tano za mkaa usiku, utamwona kwenye taarifa ya habari amesimama mbele ya magunia kama jemadari aliyerudi na mateka. Sina ugomvi na gesi. Moshi wa jikoni unaua, na wanaotangulia ni akina mama na watoto wanaoshinda nao chumba kimoja. Ninachobishana nacho ni imani iliyofungashwa pamoja na mtungi: kwamba mkaa ukiisha msitu umepona, na kwamba ili uishe haraka, kauli yote juu ya mti irudi mikononi mwa serikali kuu.

Naona tumelisoma jambo hili kichwa chini. Swali linaloamua kama msitu wa Tanzania utasimama au utaanguka ni dogo kuliko nishati, na linachosha zaidi: nani anatoa kibali, na pesa ya kibali inaingia mfuko gani. Pale ambapo kijiji kimekuwa na mamlaka kamili, yaani kuamua kipi kikatwe, kuuza, kutoza faini na kubaki na mapato, msitu wa asili umepata mlinzi anayelala karibu nao. Pale ambapo kijiji kimeachiwa kazi ya kulinda huku kauli ikibaki wilayani au wizarani, kimelinda kwa mtindo wa mlinzi asiyelipwa, yaani hakijalinda. Na kwa miaka zaidi ya kumi sasa, bila sheria mama kubadilishwa, kauli hiyo imekuwa ikirudi juu kidogo kidogo, kanuni kwa kanuni, waraka kwa waraka.

Turudi nyuma kidogo. Wajerumani walitoa amri yao ya misitu mwaka 1904, Waingereza wakaja na sheria yao mwaka 1921, na zote zilisimama juu ya wazo moja: mti wenye thamani ni wa dola, na mwanakijiji ni mtu wa kuzuiwa. Uhuru haukulivunja wazo hilo, ulilirithi. Mwaka 1972 tukapata mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, jina linalonichekesha hadi leo, kwa sababu mpango wenyewe ulifuta halmashauri za wananchi na kupeleka mikoani maofisa wa serikali kuu. Madaraka yalikwenda mikoani kweli, ila yalisafiri na wenyewe kutoka Dar es Salaam. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Katiba, ibara ya 146, ikatamka kwamba madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno mazuri. Shida ya maneno haya ni kwamba tangu mwanzo yalikaa nyumba moja na wizara ambazo hazijawahi kuyaamini.

Shinyanga inatuonyesha gharama yake. Wasukuma walikuwa na ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa masika ili majani na vichaka vipumzike, kisha kinafunguliwa kiangazi ng'ombe wakiwa wamekonda. Kulikuwa na wazee wa kuamua lini kufungwa na lini kufunguliwa, na kulikuwa na adhabu kwa mkaidi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipohamisha watu, mwenye ngitili akajikuta anaishi mbali na ngitili yake, na asiye na yake akawa jirani yake. Utaratibu ukafa. Mvua, mifugo na shoka vikamalizia, mpaka mkoa ukaanza kuitwa jangwa. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ilianza na miche na vitalu kama kawaida ya miradi, lakini kilichoujaza mkoa majani upya ni ngitili zenyewe zilipotambuliwa na kurudishiwa wenyewe: kutoka hekta mia kadhaa zilizokuwa zimesalia hadi zaidi ya hekta 300,000 kufikia miaka ya mwanzo ya 2000. Serikali ilisaidia sana. Ilisaidia zaidi siku ilipokubali kwamba kuna kitu watu walikuwa wanakijua kabla yake.

Babati ikafungua mlango mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuutangaza msitu wa Duru-Haitemba, miombo ya takriban hekta 9,000 kwenye vilima, kuwa hifadhi yake. Vijiji vinavyouzunguka, Ayasanda, Riroda, Gidas, Bubu na wenzao, vilipoelewa kwamba msitu unaondoka, watu wakaanza kuukata mbiombio, kama mtu anayevunja mahindi mabichi akijua shamba linauzwa kesho. Ndipo likatokea jambo la nadra katika utawala wetu: maofisa walikaa chini wakauliza. Wanakijiji wakajibu kwamba watautunza, sharti uwe wao. Kufikia katikati ya muongo ule kila kijiji kilikuwa na eneo lake, walinzi wake na sheria ndogo zake, na hazina haikumlipa mlinzi hata mmoja. Kwa hiyo Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, zinazosifiwa huko nje kama za kisasa, hazikubuniwa mezani. Zilinakili kitu kilichokwishafanya kazi Babati, na Mgori kule Singida.

Na sheria ile, ukiisoma kwa utulivu, ni kali kwa namna ambayo wengi hawaijui. Chukua mninga mmoja. Ukiota kwenye ardhi ya kijiji ambayo haijatangazwa kuwa hifadhi, mninga huo ni mti uliohifadhiwa na mwenye nao ni serikali: kuukata kunataka leseni, na mrabaha, yaani ada inayolipwa kwa mti uliovunwa, unakwenda serikali kuu, hata kama umeota hatua ishirini kutoka mlangoni pa mtu na babu yake ndiye aliyekataza ng'ombe wasiutafune. Sasa mkutano mkuu wa kijiji ukikaa, halmashauri ya kijiji ikaandaa mpango wa usimamizi, kamati ya maliasili ikaundwa, sheria ndogo zikapitishwa na baraza la madiwani, na eneo likatangazwa hifadhi ya msitu ya kijiji, mninga uleule, mizizi ileile, unabadilika mwenyewe. Kijiji kinapanga bei, kinauza na kinabaki na pesa yote. Mti haukusogea, karatasi ndiyo iliyosogea. Nguvu yote ya mfumo wetu imefichwa kwenye karatasi hiyo, na ndiyo maana vita vyote vinapiganwa juu yake.

Maana gogo halitoki msituni kwa haki peke yake. Lazima ligongwe nyundo, alama ya chuma inayobaki kwenye ncha ya gogo kuonyesha limekatwa kihalali. Lazima lipate hati ya kusafirishia. Lazima lipite mageti. Kijiji kilichotangaza msitu kinatakiwa kiwe na nyundo yake iliyosajiliwa, na usajili hauko kijijini. Kilwa wanalielewa hili. Vijiji kama Kikole vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa utunzaji, kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii, cha kwanza Afrika, na mpingo wao ukaanza kutakiwa na watengeneza zumari wa Ulaya. Yaani msitu wa kijiji cha Kilwa ulikubalika kwa wakaguzi wa nje. Lakini kijiji kikiwa na mnunuzi, mpango, kamati na cheti, halafu nyundo haijatoka, hakina kitu. Umempa mtu gari, ufunguo ukabaki nao mfukoni.

Kilosa ndiko mjadala wa mkaa ungepaswa kuanzia. Kuanzia mwaka 2012, mradi uliofadhiliwa na Uswisi ulikwenda kwenye vijiji vya Morogoro, Ulaya Mbuyuni na Ihombwe vikiwamo, na pendekezo lililowashangaza wengi: tuchome mkaa, ila kwa hesabu. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji ikatengwa kwa mkaa. Ikagawanywa vitalu vya mita 50 kwa mita 50, vikapangwa kama mraba wa bao la drafti: hiki kinakatwa, kinachofuata kinaachwa. Kitalu kikishavunwa hakiguswi tena kwa miaka 24. Miti ya mbao haikatwi, kandokando ya mito hakukatwi, na mti unaokatwa unaachiwa kisiki, kwa sababu miombo ina tabia njema ya kuchipua ikiachiwa shina. Mchoma mkaa akawa mtu mwenye jina kwenye daftari, anayelipa kijijini kabla ya kuwasha tanuru. Pesa ile ikajenga madarasa, nyumba za walimu, zahanati, ikachimba visima. Nilipopata nafasi ya kukanyaga kitalu kimoja kilichovunwa miaka michache nyuma, mwenyeji wangu alilazimika kunionyesha visiki kwa mguu, maana machipukizi yalikuwa yamenipita kichwa na nisingejua.

Sasa fuata kilichotokea. Serikali ilianzisha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, mwaka 2010, ikaukabidhi misitu ya taifa pamoja na jukumu la kukusanya maduhuli, yaani mapato ya serikali. Sehemu ya maduhuli hayo hutoka kwenye mkaa na mbao za ardhi ya vijiji ambayo haijatangazwa. Fikiri kidogo kuhusu mpangilio huu. Kila kijiji kinachotangaza msitu wake kinapunguza eneo ambalo wakala anatoza mrabaha. Wataalamu wa wakala ndio haohao wanaotegemewa kusaidia vijiji kutangaza. Sihitaji kumtuhumu mtu yeyote kwa nia mbaya. Ningekuwa meneja mwenye lengo la makusanyo la kufikia Juni, nami faili la kijiji lingenielemea mkononi. Kisha mwaka 2019 zikaja kanuni za uvunaji endelevu wa magogo, mbao, fito, nguzo na mkaa, zikaongeza tabaka jingine la vibali. Kamati ya uvunaji ya wilaya, inayoongozwa na mkuu wa wilaya, ambaye ni mteule wa Rais, ikawa na uzito mpya juu ya mambo ambayo sheria ya 2002 ilikuwa imeyaacha kwa mkutano mkuu wa kijiji. Kanuni ni mtoto wa sheria. Hapa mtoto amemkalisha mama chini.

Wanaotetea serikali kuu wana hoja, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni maji. Msitu hauishii kwenye mpaka wa kijiji. Mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam unaanzia milima ya Uluguru, na mtu wa Matombo akifyeka mteremko, anayekosa maji yuko Mbagala, asiyemfahamu na asiye na kura kwenye mkutano wake wa kijiji. Hakuna sheria ndogo itakayomaliza hilo. Lazima awepo mtu anayeangalia bonde zima, na mtu huyo ni dola. Nalikubali bila masharti. Ila angalia hoja inafika wapi: inaipa serikali kuu haki ya kusema mteremko huu na chanzo hiki visiguswe na yeyote. Haiipi haki ya kuamua kila gunia la mkaa la kijiji kilichoko tambarare ya Kilosa.

Ya pili ni rushwa, na hapa watetezi wa vijiji huwa wanatazama pembeni. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kununuliwa kwa bei ya pikipiki. Tumeona ardhi ya kijiji ikigawiwa ekari mamia bila mkutano mkuu kukaa, mihtasari ikiandikwa mezani na sahihi za waliohudhuria zikiwamo za marehemu. Tumeona kamati za maliasili zikiwa za ukoo mmoja, na mwanamke anayeokota kuni kavu akitozwa faini huku mwenye msumeno wa mnyororo akipewa chai. Na hata kamati ikiwa safi, mti uliookolewa hapa huenda umekatwa kijiji cha pili ambacho hakina mpango. Hadithi ya kwamba babu zetu walikuwa wahifadhi wa asili na tukiwaachia wajukuu wao kila kitu kitakaa sawa, ni hadithi ya watu waliozaliwa mjini. Babu zetu walitunza walichokuwa na sababu ya kukitunza, na walichoma kilichobaki.

Lakini hoja inayotajwa mara nyingi zaidi, ile inayofungua kila semina, ndiyo nyepesi kuliko zote: kwamba wanakijiji hawana utaalamu, kwa hiyo msitu ukae kwa wenye uwezo. Haya, tuwatazame wenye uwezo. Kazimzumbwi ni hifadhi ya serikali tangu enzi za mkoloni, iko pua na mdomo na Dar es Salaam, na kwa miongo kadhaa ililiwa na wachoma mkaa na wauza viwanja mpaka sehemu kubwa ikabaki vichaka. Ruvu Kusini iliyo jirani nayo haina simulizi tofauti. Mwaka 2018 ni wakala wa serikali uliotangaza zabuni ya kuuza miti zaidi ya milioni 2.6 ndani ya pori la Selous kupisha bwawa la Julius Nyerere. Unaweza kusema bwawa la megawati 2,115 lilistahili gharama hiyo, na sitakukatalia hapa. Ninachosema ni kwamba hakuna kijiji chochote nchini kilichowahi kukata miti milioni mbili kwa tangazo moja la gazeti. Na mwaka 2019, baada ya Rais Magufuli kuzuia kuondolewa kwa vijiji vilivyoonekana kuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, serikali ilikubali vijiji 920 kati ya 975 vibaki. Kwa watu wale ilikuwa haki, wengi walikuwapo pale kwa vizazi. Lakini huwezi kusimama jukwaani ukasema mpaka uliochorwa na serikali kuu hauna siasa, ilhali mipaka mamia imesogezwa kwa uamuzi mmoja.

Utaalamu wenyewe, tuwe wakweli, hauko mbali kiasi hicho. Kupima mita 50 kwa kamba, kupaka rangi miti ya pembeni, kuandika jina la mchomaji na idadi ya magunia kwenye daftari la mistari: kazi hii inafanywa na watu waliomaliza darasa la saba, na wanaifanya vizuri kwa sababu wakikosea, wanaomfuata mwenye kosa ni majirani zake. Kinachohitaji shahada ni kukagua mara moja kwa mwaka kama hesabu ya daftari inalingana na msitu uliosimama. Hiyo ndiyo kazi ningependa kuona mtaalamu wa serikali akiifanya, badala ya kukaa getini.

Na getini nimewahi kukaa. Ilikuwa barabara kuu, kizuizi ambacho sitakitaja, nikisubiri basi lililoharibika. Lori la mkaa wa kijiji lilikuwa limeegeshwa tangu asubuhi. Dereva alikuwa na makaratasi kwenye bahasha ya kaki: kibali cha kijiji, risiti, hati ya kusafirishia. Kulikuwa na utata kuhusu tarehe moja, na aliyeweza kuutatua alikuwa kwenye kikao. Dereva akala chipsi, akalala chini ya lori. Giza lilipoingia, njia ya vumbi nyuma ya vibanda ikaanza kunguruma. Pikipiki bila taa, kila moja na magunia matatu, wakati mwingine manne, dereva amekaa juu ya tangi kwa kukosa nafasi. Nilihesabu kumi na mbili kabla basi halijapona. Mama muuza chai hakuinua hata kichwa. Aliniambia tu, "Wale hawana makaratasi, ndiyo maana wanawahi."

Hatari kubwa ya mwelekeo wa sasa haimo kwenye mkaa hata kidogo. Tafiti za ukataji miti nchini zimeonyesha kwamba kinachofuta msitu kabisa ni kilimo. Mkaa mara nyingi unaudhoofisha, au unafuata nyuma ya jembe na kuchukua kilichofyekwa. Anayetaka kukata kitalu cha mita 50 cha mkaa halali anapita mkutano, kamati, wilaya, leseni, hati na geti. Anayetaka kufyeka ekari kumi apande ufuta, kwa kawaida hakuna anayemwuliza. Anachoma miti papo hapo, mvua ikinyesha anapanda, na msimu ukifika ufuta wake unapokelewa ghalani kwa stakabadhi, unauzwa mnadani, na kiongozi anapiga naye picha. Kilwa, Lindi, Kilosa, kote ufuta unapanda. Sasa mweke mwanakijiji mbele ya uchaguzi huo: ardhi ileile, msitu wenye vibali sita na soko linalopigwa vita, au ufuta wenye soko linalosherehekewa. Kila kizuizi tunachoweka kwenye mkaa halali wa kijiji, tukidhani tunaokoa mti, tunashusha thamani ya msitu uliosimama na kuufanya ufuta uonekane una akili zaidi.

Marufuku tumekwishaijaribu. Januari 2006 serikali ilipiga mkaa marufuku. Bei ikaruka, majiko ya mjini yakalia, na marufuku yenyewe haikumaliza mwezi. Mkaa haukuisha, uliingia gizani, na wa kwanza kuumia alikuwa yule aliyekuwa analipa.

Wapo wanaosema biashara ya hewa ya ukaa, yaani kaboni, itaziba pengo la mapato ya mkaa, na mfano upo. Kule wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vinavyomiliki misitu ya Ntakata vimekuwa vikilipwa mabilioni ya shilingi kwa kuuacha msitu umesimama, na vimejenga zahanati na madarasa kwa pesa hizo. Huo ni ushahidi kwa upande wangu: vijiji vile vinalipwa kwa sababu vilikwishapimiwa ardhi na kutangaza misitu yao, kwa hiyo wakati mnunuzi anafika palikuwa na mwenye mali wa kuzungumza naye. Lakini kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 nazo zimeweka meza ya mazungumzo ngazi za juu, na ukishajua historia ya nyundo unajua cha kutazama. Mkataba wa miaka thelathini ukijadiliwa mjini na kijiji kikaitwa siku ya kusaini, tutakuwa tumerudi kwenye mninga wa hatua ishirini kutoka mlangoni.

Kinachohitajika si kigumu kwenye karatasi. Kijiji kilichotangaza msitu na chenye mpango uliopitishwa kisiombe tena ruhusa ya kila uvunaji. Kitoe taarifa, na ofisi yenye pingamizi iliandike ndani ya siku 30, la sivyo kazi iendelee. Nyundo itolewe pamoja na hati ya msitu, siku hiyohiyo. Kazi ya kusaidia vijiji kutangaza misitu itengwe na kazi ya kukusanya maduhuli, maana huwezi kumwomba mtu akate tawi alilokalia halafu ukashangaa msumeno haukati. Serikali kuu ibaki na mambo ambayo kijiji hakiwezi: vyanzo vya maji vinavyovuka wilaya, picha za satelaiti, ukaguzi wa kushtukiza, na mahakama inayomfunga mwenyekiti aliyeghushi muhtasari. Hilo la mwisho lingelinda misitu mingi kuliko mageti yote ya barabara ya Morogoro.

Na kuna hesabu moja ambayo sijasikia mtu wa nishati safi akiifanya. Kitalu kilichovunwa Kilosa mwaka 2014 kimepangwa kurudiwa mwaka 2038. Mkakati wa Taifa unafikia kikomo mwaka 2034. Tukifanikiwa, Dar es Salaam itakuwa inapikia gesi na umeme, mnunuzi wa mkaa wa Ihombwe atakuwa ametoweka, na machipukizi yale niliyoonyeshwa yatakuwa miti mikubwa ya umri wa miaka ishirini, inayosubiri miaka minne mingine na isiyo na soko. Mkutano mkuu wa kijiji utakaa. Ajenda namba tatu itakuwa ombi la vijana wanaotaka ekari mbilimbili za ufuta, na mtu wa kamati ya maliasili atasimama na daftari lake mkononi kueleza kwa nini wasipewe. Ningependa kujua leo tunamwandalia jibu gani.